Lupita Nyong'o alipewa Oscar kwa uso wake. Mbona tangu hapo wanauficha?

#1 Jirani_wa_Ziwa (Kisumu)

Hamjambo wakuu. Jumamosi mvua ilitufungia ndani hapa Mamboleo, tukakaa kutazama The Wild Robot, mimi na binti yangu wa Gredi ya 4. Katikati ya filamu nikajitia ujuaji: "Unajua huyo roboti anayeongea ni Lupita? Binti wa gavana wetu, kwao ni Seme hapo tu." Mtoto akaitazama skrini, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa alikosea nini mpaka wakamfungia ndani ya bati?"

Nilicheka, lakini usiku usingizi ulipokataa nikaanza kuhesabu. 12 Years a Slave ilitoka 2013. Machi 2014 akachukua Oscar kwa kumwigiza Patsey, yule mtumwa, na mle ndani kila kitu kilikuwa usoni pake. Mwaka huo huo jarida la People likamtangaza mrembo kuliko wote. Haya, 2015 anaingia Star Wars. Nani kati yenu alimwona? Ni yule bibi mfupi wa rangi ya chungwa mwenye miwani kama ya fundi wa kuchomelea, Maz Kanata, amechorwa kwa kompyuta. 2016, The Jungle Book, yeye ni mbwamwitu. 2019 anasimulia habari za simba na fisi wa Serengeti kwenye Discovery. 2024 ni roboti.

Ni kama makochi ya mama zetu. Yamenunuliwa kwa pesa ya jasho, halafu yanafunikwa vitambaa miaka 10 mpaka mgeni hajui rangi yake.

Nani ana jibu la kumpa mtoto?

#2 Omera_Kondele

Pesa. Roboti haamki saa kumi usiku kupakwa vipodozi. Unaingia studio na malapa, unaongea, unaenda zako. Uzi ufungwe.

#3 Mwalimu_Jukwaa (Kakamega)

Omera, usifunge, hata chai haijachemka.

Nimefundisha drama shule za huku miaka 17. Jibu langu ni kwamba Lupita ni mtu wa jukwaa kwanza, na mtu wa jukwaa hauabudu uso. Mtoto aliyekaa benchi la mwisho ukumbini haoni nyusi zako. Anaona mgongo, anaona unavyokanyaga, anasikia sauti. Huyu binti alikuwa na miaka 14 alipomwigiza Juliet pale Phoenix Players, Nairobi. Baadaye akaenda Yale kusomea uigizaji, akahitimu 2012, na kule walimpitisha kwa Chekhov na Shakespeare hadi akaiva. Mtu kama huyo ukimwambia "leo wewe ni roboti", kwake ni kazi ile ile.

Niwape mfano. Juzi kabla ya tamasha za kaunti niliwavisha wanafunzi wangu mifuko ya khaki kichwani, nikatoboa macho tu, nikawaambia waigize onyesho la matanga. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akinichosha: kila akilia anakunja uso kama aliyeonja ndimu. Siku hiyo uso haukuwepo, ikabidi alie kwa mabega. Alianza taratibu, bega moja, kisha la pili, kisha mikono ikakosa pa kwenda. Wapishi waliacha sufuria za githeri wakaja kusimama dirishani. Mmoja akasema, "Huyo amefiwa kweli."

Kwa hiyo Jirani, mwambie binti yako hakufungiwa. Aliingia mwenyewe, na bati likapata mabega.

#4 Bondeni_Mtoto (Nakuru)

Mimi nitasema tu najivunia. Mwafrika wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji, na amezaliwa Kisumu! Wengine mnalalamika nini?

#5 Nyar_Seme

Bondeni mdogo wangu, mapenzi yako nayaona, lakini umekosea mara mbili kwenye mstari mmoja.

Hakuzaliwa Kisumu. Alizaliwa Mexico City, tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake Profesa alikuwa akifundisha chuo kule, siasa za hapa zilipokuwa moto. Ndiyo maana anaitwa Lupita, ni kifupi cha Guadalupe. Alirudishwa nyumbani kabla hajafikisha mwaka. Akiwa na miaka 16 akapelekwa tena Mexico miezi kadhaa ashike Kihispania. Kwa hiyo Wamexico nao wanadai ni wao, na hatuwezi kuwakatalia.

Pili, Charlize Theron wa Afrika Kusini alichukua ya mwigizaji bora wa kike 2004. Lupita ni Mkenya wa kwanza, na hilo linatosha kabisa bila kuongeza chumvi.

Halafu Jirani, sisi watu wa Seme hatujalalamika. Unatulilia msiba ambao hatujautangaza.

#6 Section58

Nitasema kile ambacho watu wanakizunguka. Ni rangi.

Angalieni mfuatano. Mtu anapata tuzo kubwa kuliko zote katika filamu yake ya kwanza ndefu. Kwa mwigizaji mzungu, mwaka unaofuata ungekuwa wa mapenzi, upelelezi, filamu za kifalme, kila kitu. Yeye filamu iliyotoka wiki ile ile ya Oscar ni Non-Stop ya Liam Neeson, na humo ni mhudumu wa ndege mwenye maneno ya kuhesabika. Sawa, ile ilipigwa kabla ya tuzo. Lakini baada ya tuzo? Ameeleza mwenyewe kwenye mahojiano kwamba ofa zilizokuja zilikuwa za kumrudisha utumwani, safari hii kwenye meli. Yaani walimwona Patsey, wakasema tuletee Patsey mwingine.

Sasa ukiwa mweusi wa kung'aa kama yeye, na wenye filamu hawajui hadithi nyingine ya kukupa isipokuwa ya minyororo, una njia mbili. Unakataa na kukaa nyumbani, au unaingia mahali ambapo rangi haionekani. Bibi wa chungwa hana kabila. Mbwamwitu hana kabila. Roboti hana kabila. Mwalimu anasema ni ufundi, mimi nasema ni mlango wa nyuma.

Na msiniambie mambo yamebadilika. Aliandika kitabu cha watoto, Sulwe, 2019, kuhusu msichana anayechukia weusi wake. Mtu haandiki kitabu kama hicho kwa jambo lililokwisha.

#7 Omera_Kondele

Section58 ameleta mhadhara. Mimi bado niko kwa pesa.

#8 Hesabu_Kali (Eldoret)

Wakuu, mnajenga nyumba bila kupima kiwanja. Madai ya Jirani si kweli. Hebu tuhesabu alikoonekana kwa sura yake:

Queen of Katwe 2016, mama wa msichana wa chesi, uso upo mwanzo hadi mwisho. Black Panther 2018 na ile ya 2022, yupo. Us ya 2019, yupo mara mbili, kwa maana anaigiza watu wawili, Adelaide na Red. Little Monsters mwaka huo huo, ni mwalimu wa chekechea anayepigana na mazombi huku akiwaimbia watoto. The 355 mwaka 2022. A Quiet Place: Day One 2024, kamera haimwachi dakika tatu mfululizo.

Hapo ni filamu saba. Za kufunikwa ni Star Wars tatu, ambamo anaonekana kidogo sana, Jungle Book, na Wild Robot. Sasa nani amefichwa? Jirani ametazama katuni na mtoto, akaamua kuandika historia.

#9 Jirani_wa_Ziwa

Hesabu_Kali, asante kwa kunivua nguo hadharani. Lakini angalia hata hizo saba. Black Panther, mara ya kwanza tunapomwona Nakia amejifunika ushungi ndani ya lori kwa sababu ni jasusi. Kwenye Us mmoja wa wale wawili anaficha yeye ni nani filamu nzima. A Quiet Place uso upo, sauti ndiyo imefungwa, akifungua mdomo analiwa. Kuna kitu hapo. Mtu huyu kila mara kuna kiungo kimoja amenyimwa.

#10 Setibuku_Mstaafu (Nakuru)

Jirani, hiyo ya kiungo kimoja kunyimwa umenigusa, na mimi nitampinga Mwalimu kidogo.

Nilikuwa kwenye kikundi cha setibuku, wale wanaozunguka shuleni kuigiza vitabu vya mtihani, kuanzia 2009 hadi 2015. Wanaojua wanajua: mnajazana kwenye matatu saa kumi na moja alfajiri, Njoro asubuhi, Molo saa sita, jioni mko Londiani, tamthilia ile ile ya KCSE mara tatu kwa siku. Mimi nilikuwa mzee wa kijiji. Mvi zangu zilikuwa unga wa mahindi. Onyesho la kwanza uko sawa. La pili jasho limeshachanganyika na unga. La tatu una uji kichwani unateremka kuelekea masikioni, na wasichana wa mstari wa mbele wanacheka mahali pa kulia.

Siku moja, shule fulani upande wa Molo, tuko kwenye bwalo, mabati juu hayana dari. Mvua ya mawe ikaanguka katikati ya onyesho langu la kumlaani mwanangu. Sijisikii hata mimi mwenyewe. Maneno ni ukurasa mzima. Nikaamua kuyasema yote, polepole, kwa mikono. Nikavua koti, nikalikung'uta, nikalitupa miguuni pake, nikageuka nikampa mgongo. Watoto 600 hawakusikia neno moja na walinyamaza. Mvua ilipokatika, ndipo wakapiga makofi. Mpaka leo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na siku hiyo kiongozi wa kikundi alinikata shilingi 200 kwa kuruka maneno.

Sasa sikilizeni. Mwaka uliofuata nikaitwa kuigiza tangazo la biashara hapa mjini. Kamera ikawekwa hapa, karibu kama sahani ya mezani. Nikafanya nilichokijua. Jamaa wa kamera akaondoa jicho akaniambia, "Mzee, unampigia nani kelele? Mimi niko hapa." Nikapunguza. Akasema bado. Nikapunguza tena mpaka nikahisi nimekufa. Akasema, "Uso bado mkubwa." Wakanitoa, wakamchukua kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama pembeni anasubiri mteja. Akafanya mara moja, ikapita.

Kwa hiyo Mwalimu, jukwaa halikuandai kwa kamera. Jukwaa linakuharibia. Cha ajabu kwa Lupita ni kwamba amevuka huko na kurudi mara kadhaa bila kuvunjika mguu. Hilo ndilo la kueleza. Siyo bati.

#11 Bondeni_Mtoto

"Uji kichwani" 😂😂 Mzee wewe ni wetu wa Nakuru kabisa. Ile tangazo ni la nini? Huyo wa bodaboda namjua?

#12 Setibuku_Mstaafu

Sabuni. Na ndiyo, pengine unamjua, sasa ana boda tatu.

#13 Mama_Kwaya (Bungoma)

Nawasalimu. Kwa Setibuku pole na unga. Lakini nyinyi wanaume mnaongea kana kwamba Lupita alitoka Juliet akaingia Oscar. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kubeba vikombe. Alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye The Constant Gardener walipokuja kupiga hapa Kenya, ile ya 2005 ya Ralph Fiennes. Kisha The Namesake ya Mira Nair. Na Mira Nair ndiye aliyekuja kumwongoza kwenye Queen of Katwe. Mtu aliyekuona ukikimbia na makaratasi baada ya miaka 10 anakupa nafasi ya mama wa msichana wa chesi. Hiyo kwangu ni hadithi kubwa kuliko ya bati.

Na 2009 alikuwa ndani ya Shuga, ile ya vijana na UKIMWI, kwa hiyo sisi huku tulimwona kwenye runinga kabla ya Wamarekani. Mwaka huo huo alitoa filamu ya hali halisi aliyoiongoza mwenyewe, In My Genes, kuhusu watu wenye ualbino hapa Kenya. Fikirini hilo. Kabla hajawa maarufu alishakuwa anauliza ngozi inamfanyia nini mtu.

#14 Section58

Mama, umenisaidia bila kutaka. Ngozi tena.

#15 Mama_Kwaya

Sijakusaidia. Nimesema anauliza. Wewe umeshajibu.

#16 Kitabu_Wazi (Kisumu)

Mmesahau jukwaa lenyewe. Eclipsed. Mchezo wa Danai Gurira, yule Okoye wa Black Panther, kuhusu wanawake waliotekwa wakati wa vita vya Liberia. Lupita alirudi jukwaani na mchezo huo 2015 New York, na 2016 ukapandishwa Broadway. Mwandishi mwanamke mweusi, mwongozaji mwanamke mweusi, waigizaji wote watano wanawake weusi. Broadway haikuwa imewahi kuona hivyo.

Huyu ndiye mtu mliyesema anafichwa. Ana Oscar kabatini, angeweza kuitisha chochote, akachagua kusimama jukwaani mara nane kwa wiki kumwigiza msichana asiyetajwa hata jina. Na akashinda Tony, ile tuzo kubwa ya Broadway.

#17 Hesabu_Kali

Hakushinda. Aliteuliwa. Mwaka huo Tony ya mwigizaji bora wa kike wa mchezo ilikwenda kwa Jessica Lange.

#18 Kitabu_Wazi

Nimekubali, aliteuliwa. Lakini subiri, sijafika pale patamu. Eclipsed ilichezwa Yale mwaka 2009 Lupita akiwa mwanafunzi, na yeye alikuwa mwigizaji wa akiba. Unajua akiba ni nini? Unajifunza maneno yote, unajua kila hatua, unakaa nyuma ya pazia kila usiku ukiomba mwenye nafasi aamke na mafua. Na mafua hayakuja. Ndiyo maana alipopata nguvu ya kuchagua, aliurudia mchezo ule ule. Kwangu hilo ndilo jibu: ni deni.

#19 Mwalimu_Jukwaa

Kitabu, hapo umenena. Nina mvulana wa akiba mwaka huu, amekariri nafasi zote tisa. Kila nikipita bwenini namsikia anaongea peke yake, anajijibu. Matroni alishaleta mchungaji amwombee.

#20 Omera_Kondele

Jamani niacheni nilete ya kwetu. Black Panther mimi sikuitazama sinema ya viti. Niliitazama banda la video hapa Kondele, 20 bob, na dijei anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya filamu. Mnajua wale. Lupita akifungua mdomo, sauti inayotoka ni ya jamaa mnene mwenye kikohozi anasema, "Huyu dada anaitwa Nakia, ni mpoa lakini ukimletea ujinga atakupasua." Nakia anaongea kwa upole na T'Challa, dijei anasema anamdai nauli. Banda lote chini kwa kicheko.

Nimekuja kugundua hapa kwenye uzi huu: Wamarekani wanasikia sauti yake bila uso, sisi Kondele tunaona uso bila sauti. Kati yetu na wao hakuna aliyemwona mzima.

#21 Jirani_wa_Ziwa

Omera, ulianza na neno "pesa" na malapa. Sasa angalia ulipofika.

#22 Omera_Kondele

Bado ni pesa. 20 bob.

#23 Bondeni_Mtoto

Na ile lugha yao ya Wakanda si ni Kiswahili kidogo kidogo? Dijei angewaacha waongee.

#24 Mpwani_Nakuru

Bondeni, tafadhali. Ni Kixhosa cha Afrika Kusini.

Ila mkitaka kumsikia akizungumza Kiswahili jukwaani, basi ni mwaka 2025 pale Delacorte, lile jukwaa la wazi la Central Park, New York, ambako watu huingia bure. Walikuwa wamelifunga kulikarabati, walipolifungua wakaanza na Twelfth Night ya Shakespeare. Lupita alikuwa Viola, na kaka yake wa damu, Junior, alikuwa Sebastian, pacha wa Viola. Mwongozaji ni Saheem Ali, mtoto wa Nairobi. Na wale mapacha walipokuwa wenyewe kwa wenyewe walisema Kiswahili! Wageni wameangukia ufukoni nchi ya watu, basi wana lugha yao.

Sisi wa pwani huwa tunawacheka nyinyi wa bara kwa Kiswahili chenu cha kukwaruza. Lakini siku niliposikia hivyo nilisimama. Kiswahili cha Nairobi, kibaya hivyo hivyo, kimesimama Central Park na hakuna aliyekiomba kitambulisho.

#25 Jirani_wa_Ziwa

Mpwani, na Viola anafanya nini mchezo mzima? Anavaa nguo za kiume na kujiita Cesario ili asijulikane. Sisemi kitu.

#26 Hesabu_Kali

Umesema.

#27 Nyar_Seme

Hapo kwa lugha pana uchungu mwingine ambao hamjaugusa. Alieleza kwamba alipokuwa Yale alijilazimisha kuzungumza Kimarekani saa zote, akiamini bila hivyo hapati kazi. Ilipofika wakati wa kuzunguka kuitangaza 12 Years a Slave akaamua kuirudia lafudhi yake ya nyumbani, ili mzazi wa Kiafrika na mtoto wake wasikie kwamba mtu anaweza kufika pale akiongea hivi. Na kuirudia nayo haikuwa rahisi, kwa maana ukishaiacha njia inaota nyasi.

Mimi nimefanya kazi ya simu, kupokea wateja wa Uingereza, usiku, hapa Kenya, kampuni siitaji. Tulipewa majina. Mimi nilikuwa "Sharon". Miaka miwili. Siku moja mama amenipigia nikiwa zamu, nikapokea kwa sauti ya Sharon, akasema samahani nimekosea namba, akakata.

Kwa hiyo sijui kama Lupita anafichwa au anajificha. Ila najua mtu akishajifunza kuvaa sauti, kuvaa bati si jambo kubwa.

#28 Mama_Kwaya

Nyar Seme 😢 Mama alipiga tena?

#29 Nyar_Seme

Alimpigia ndugu yangu akamwuliza kama nimeolewa na mzungu.

#30 Redio_Zamani (Kakamega)

Nimechelewa, nilikuwa shambani. Mimi niliigiza michezo ya redio miaka mingi, kwa hiyo hili la sauti bila uso ni kwangu. Watu wanadhani ni rahisi, Omera amesema malapa. Kwenye redio tulikuwa tunapanda ngazi kweli kweli ndani ya studio ili pumzi ikatike kweli. Nikiigiza mgonjwa nililala sakafuni, mikrofoni ikateremshwa. Ukiigiza umekaa, msikilizaji anajua umekaa.

Sasa yule Red kwenye Us, ile sauti ya kukwaruza kama mlango wa kutu, hakuna mashine pale. Aliijenga kooni mwake, akitazama watu wenye ugonjwa wa misuli ya koo inayokaza. Baadaye wenye ugonjwa huo walilalamika kwamba shida yao imefanywa kitu cha kutisha watu, na aliomba radhi. Wakosoaji wa New York walimpa mwigizaji bora wa kike mwaka huo, Oscar hata kumtaja hawakumtaja. Section58, hiyo ichukue, ni ya upande wako.

Lakini pia: Juliet wa miaka 14 wa Phoenix alikuja kuwa Juliet tena 2021, kwa Kiingereza na Kihispania, mchezo wa kusikiliza tu, na mwongozaji ni huyo huyo Saheem Ali. Hakuna jukwaa, hakuna kamera. Amekaribia miaka 40 na anaigiza msichana wa miaka 13 na hakuna anayecheka, kwa sababu hakuna anayemwona. Jirani, hapo uso ndio ungekuwa kizuizi.

#31 Section58

Nimeichukua. Hiyo ya mwisho naiacha kwako.

#32 Fundi_Dishi (Busia)

Jambo dogo tu. Mmegundua Star Wars, Jungle Book, Queen of Katwe na Black Panther zote zilitolewa na Disney? Kampuni moja. Kwa hiyo mkataba wa aina gani sijui, lakini ukiwa na mwajiri mmoja leo anakutuma ofisini, kesho stoo. Mimi pia nilifanya kazi kwa mhindi mmoja hapa mpakani, nilikuwa karani, fundi, mlinzi, na Krismasi nilivaa nguo za Santa. Hakuna aliyeandika uzi.

#33 Bondeni_Mtoto

Fundi, picha ya Santa tuone.

#34 Fundi_Dishi

Uso ulikuwa umefunikwa.

#35 Setibuku_Mstaafu

😂😂 Nimemwaga chai.

#36 Hesabu_Kali

Wild Robot si ya Disney, ni ya DreamWorks. Fundi, hoja yako inavuja palepale uzi ulipoanzia.

#37 Mwalimu_Jukwaa

Na je, mnajua kwenye A Quiet Place alibeba paka karibu filamu nzima ilhali alikuwa anaogopa paka? Alianza kwa woga kabisa, akamaliza kwa kwenda kufuga wake. Hiyo naweza kumwonyesha mvulana wangu wa akiba. Yeye anaogopa matroni.

#38 Mpwani_Nakuru

Mwalimu, matroni kila mtu anaogopa.

Hivi Nakuru Players bado wana maonyesho ya jioni? Nilipita pale juzi mlango umefungwa, sijui ni siku tu. Setibuku, wewe ndiye mwenyeji.

#39 Setibuku_Mstaafu

Inategemea wiki. Nitapita Alhamisi niulize, nikuambie. Kuna dari pale angalau.

#40 Jirani_wa_Ziwa

Wakuu, ahsanteni wote. Nilimsomea binti majibu yenu jioni hii, kasoro ya matroni. Nikamwambia kuna anayesema pesa, kuna anayesema rangi, kuna deni, kuna Disney, kuna mwalimu anayevisha watoto mifuko kichwani. Akasikiliza huku anakula omena, akaniuliza swali moja tu: yule mzee wa unga, watu walimlipa zile 200 zake?

#41 Setibuku_Mstaafu

Mwambie bado.